Nyumba Imepanda Kilimani

Gwata, Kibaha

Mke wangu Martina,

Salamu kwako, kwa mama na kwa watoto. Mgongo unaniuma kwa kazi ya kuchimba mitaro, ila leo nacheka peke yangu.

Uliuliza kwa nini nyumba imechelewa. Nilisimamisha nguzo bondeni, kwenye udongo mweusi kama wa kwetu Usukumani. Jirani yangu Bi Mwanne, Mzaramo, akapita akasema, "Msukuma, umejenga kwenye njia ya maji. Mwenye njia akirudi utamwambia nini?"

"Nitampikia chai, mtani wangu," nikamjibu.

Nilidhani ni utani tu. Kumbe baadaye kamati ya kijiji ikaja kupima, ikasema bondeni ni mpunga, nyumba zote juu. Niling'oa nguzo kwa hasira, nikazibeba hadi kilimani, bondeni nikapanda mpunga.

Jana mvua ilinyesha sana. Maji yamepita palepale ambapo ningeweka kitanda chetu, na mpunga wangu umesimama humo unapendeza. Nyumba ni kavu. Bi Mwanne kaja na mihogo, kaniuliza, "Mwenye njia umempa chai?"

Niliogopa kuwaita huku ugenini, sasa siogopi. Njoo na watoto, na jembe lako usilisahau.

Mumeo anayewasubiri huku juu,
Ngusa