Posta wa Nyumba Yetu Amekwenda Bweni

Mpendwa baba Atupele,

Mtoto wako ameshakwenda shule. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe barua ndefu hukuwa na subira nazo, ulikuwa unaruka kwanza mpaka mwisho ndipo unarudi juu. Ameondoka Jumapili na sanduku lako la bati, lile lenye jina lako ubavuni kwa rangi nyeupe. Nilitaka kulifuta jina niandike lake, akakataa. Sasa nikusimulie ilivyokuwa, maana kidogo tuharibu kila kitu, na kosa lenyewe, nikwambie ukweli, wewe ndiye uliyelianzisha.

Unakumbuka wiki ya kwanza uliponileta kwenu Masukulu? Nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, nikamwona baba yako anakuja kwa njia ileile. Nikaingia kwenye shamba la chai na ndoo yangu, nikalala kati ya mistari mpaka apite. Maji yote yalinimwagikia. Wewe ulikuwa umesimama kule juu unatazama, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimefundwa kwamba mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, na nilikuwa nimeolewa siku nne tu. Mchungaji amesema mara nyingi kwamba mambo hayo si ya lazima tena. Tunaitikia amina, kisha tukitoka kanisani baba yako anapita njia ya chini na mimi napita ya juu.

Ndipo ukajipa kazi. Ukasema, "Mimi ndiye posta wa nyumba hii." Nikiwa na neno kwa baba nakwambia wewe, unavuka migomba mpaka kwake, unarudi na jibu. Siku ile ng'ombe wake alipoingia kwenye mahindi yangu nilikutuma na maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Ulikwenda ukarudi na chana mbili za ndizi na pole nyingi. Nilistaajabu, nikasema kumbe mzee ni muungwana. Ilipita miaka ndipo ukaniambia kwamba ulichomwambia ni hiki, mkamwana anakusalimu, anauliza kama ng'ombe wako ameshiba. Nilinuna siku nzima. Lakini ndizi tulikuwa tumeshakula.

Ulipotutoka Atupele alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyemkalisha chini akampa kazi yako. Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, nilitaka kumuuliza baba habari za mpaka wa shamba, nikajikuta nimesimama jikoni sijui nimwambie nani. Mtoto alikuwa mlangoni ananingoja. Nikamtuma. Tangu siku hiyo akawa yeye. Usiseme tuna simu. Simu tunazo, ila sauti ni sauti, hata ipite kwenye simu. Mwaka jana nilimpigia baba kwa bahati mbaya, niliposikia "haloo" yake nikaitupa simu ndani ya kikapu cha majani ya chai. Ilinichukua muda kuipata.

Mwaka huu uliokwisha Atupele akamaliza darasa la saba, na amefaulu vizuri. Shule ya kata ni mwendo wa saa nzima na nusu kwa miguu, na mvua zetu unazijua. Nikaamua aende bweni. Tukazitembelea shule mbili. Ya kwanza ipo Mbeya mjini, majengo mazuri, sakafu ya vigae, na bwana wa ofisini alitufungulia karatasi ya matokeo hata kabla hatujakaa vizuri. Aliuliza wastani wa mtoto. Jina hakuuliza. Ya pili ipo upande wa Njombe, baridi yake inazidi ya kwetu, wasichana wanalima bustani na blanketi zao wanafua wenyewe. Matroni wa pale alimshika Atupele mkono, akamuuliza anaitwa nani na anaogopa nini. Mtoto akajibu, panya.

Mimi niliipenda ya Mbeya. Ni karibu, nikisikia anaumwa nafika siku hiyohiyo. Na matokeo ni matokeo, hata ungesema nini.

Siku zile nilikuwaza sana. Ulikuwa unatusimulia mlivyolala bweni na viatu miguuni visiibiwe, na makande yale yenye wadudu mliokuwa mkiwahesabu mpaka mkachoka kuhesabu. Atupele alicheka, na mimi nilicheka. Lakini siku moja tulikuwa wawili tu, unapiga rangi sanduku hilohilo, ukasema, "Bweni lilinifunza mambo mawili, kula haraka na kutolia. La kwanza limenisaidia." Ukaendelea kupaka rangi. Sikukuuliza zaidi, na sasa najuta.

Mtoto ni wa ukoo, siwezi kuamua bila baba yako. Nikamtuma Atupele, mwambie babu mimi naona Mbeya. Akarudi, babu amesema Njombe. Nikamtuma tena na sababu zangu zote, akarudi, babu hataki hata kusikia. Wewe unanijua, nilishikilia wiki nzima. Mwisho nikajisemea, huyu ni mzee, na mtoto aliyemzika ndiye wa kiume pekee aliyekuwa naye, wacha nimpe. Mwambie babu, basi iwe Njombe. Akarudi kichwa chini. Babu amebadili mawazo, sasa anataka Mbeya.

Niliwaka. Nilisema maneno mabaya kuhusu baba yako, naomba unisamehe. Fomu zilitakiwa zirudi Ijumaa na tulikuwa tumeshafika Jumanne.

Jumanne hiyo wifi yangu, dada yako, akaja kutoka Mpuguso. Alipitia kwa baba kwanza, kisha akaja kwangu, akakuta mimi na Atupele tunamenya ndizi. Hakukaa hata dakika mbili akaanza. "Wifi, baba anauliza una nini wewe. Akikubali Mbeya unataka Njombe, akikubali Njombe unataka Mbeya. Anasema kiburi hiki umekitoa wapi, zamani hukuwa hivi."

Nikaweka kisu chini. Atupele hakuinua macho, alikuwa anamenya ndizi ambayo imeshamenywa. Wifi akatuangalia, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi sina.

Nikamuuliza mtoto alikuwa anamwambia babu kitu gani. Akachukua ndizi nyingine. Nikamuuliza tena.

"Nilitaka Ijumaa ipite," akasema.

Nikasema kama ni bweni unaliogopa si ungeniambia, kama ni yale makande ya baba yako ni ya zamani. Akatikisa kichwa. Ndipo akaniangalia.

"Mimi nikienda, wewe na babu mtaongea vipi? Nani atawabebea maneno?"

Mume wangu, fimbo nilikuwa nimeshaiangalia ilipo, nakwambia ukweli. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa ameona kitu ambacho mimi mwenye akili zangu sikukiona. Baba yako na mimi tunatenganishwa na migomba hatua hamsini, tumezika mtu mmoja, na katikati yetu yupo mtoto tu. Akiondoka tunakuwa wageni. Alikuwa tayari kuacha shule ili tusiwe wageni. Nililia mbele yake na sikujificha. Iliniuma, na aibu ilizidi maumivu.

Nilipotulia nikamuuliza, kama usingekuwa na maneno ya kubeba, ungetaka wapi? Hakufikiri hata kidogo. Njombe, akasema. Yule mama aliniuliza jina.

Kesho yake asubuhi nikajifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, nikavuka migomba mwenyewe. Nilisimama nyuma ya nyumba ya baba, chini ya dirisha, nikaupa ukuta mgongo. Nilimsikia ndani anakohoa.

Nikasema, "Baba, ni mimi, mama Atupele. Mtoto ametudanganya sote wawili. Anataka Njombe na mimi nimekubali. Nimekuja nisikie neno lako mwenyewe."

Kikohozi kikakatika. Nikasikia kiti kinasogezwa, nikadhani anatoka kwa mlango wa mbele, nimemkimbiza mzee wa watu ndani ya nyumba yake. Kumbe anasogea dirishani.

"Mume wako nilimpeleka bweni bila kumuuliza mama yake," akasema. "Huyu nimeuliza. Aende anakotaka."

Nikataka kuondoka. Akaongeza, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani. "Na sauti yako naijua siku nyingi. Naisikia kila asubuhi ukifokea kuku. Zile salamu tamu alizokuwa ananiletea marehemu, nilijua si zako."

Nilicheka, nimeupa ukuta mgongo hivyohivyo, na ndani nikamsikia naye anacheka. Miaka yote hiyo alijua. Ungekuwepo tungekusuta sote wawili, mmoja kutoka dirishani na mwingine kutoka kwenye migomba. Nilikukosa pale kuliko siku ya kukuzika.

Fomu niliirudisha Alhamisi. Tukanunua blanketi mbili, ndoo, na sweta la kijani wanalotaka wao. Siku ya kuaga Atupele akaenda kwa babu yake, akarudi. Nikamuuliza babu amesema nini. "Si ukamuulize mwenyewe," akanijibu, na meno yote nje. Sikwenda. Nilidhani mara moja ile ilitosha.

Basi Jumapili akaondoka. Jioni matroni akanipigia, amefika, amekula, amepewa kitanda cha chini. Nikashukuru, nikakata simu, nikaita, "Atupele!" ili aende akamwambie babu. Niliita mara mbili ndipo nikajisikia. Nilikaa pale kwenye kizingiti mpaka moto ukataka kuzimika. Kisha nikajifunga kitenge, nikavuka.

Chini ya dirisha, palepale niliposimama siku ile, nilikuta kigoda. Kimegeuziwa kwenye migomba ili anayekaa asiitazame nyumba, na kimefunikwa gunia kisilowe ukungu. Nikaondoa gunia, nikakaa.

"Baba, amefika."

"Ndaga," akajibu kwa Kinyakyusa chake, asante. Kisha akaniuliza kama amepewa kitanda cha juu au cha chini, nikamwambia cha chini, akasema afadhali.

Wewe pumzika sasa. Maneno yangu nayabeba mwenyewe, na siyatii sukari.

Mkeo,
mama Atupele