Mulango Bila Komeo

Nengo, 3/3/2025

Kwa Uwera, mutoto wangu,

Mi Anastase niko na miaka sabini na tatu. Volkano ilinikimbiza mara tatu, haikunipata. Vita ilinikuta Masisi, ikaniacha. Kolera ilimaliza majirani, mi nikabakia. Donc usifikiri nitachoka kukaa hapa inje ya chumba yako.

Salamu. Umeamuka je? Najua tuko nyumba moja, hatua tatu tu, lakini tangu utoke hospitali hunijibu kwa mudomo. Mama yako anasema niandike. Bon, naandika, na masomo ya primaire sikumaliza.

Mulango yako nilichonga mi, nikaitoa mi. Siku ile ulitaka kujiua ulikuwa umeifunga kwa ndani. Niliivunja na bega, inauma mpaka leo. Mulango hairudi. Jirani Rugema nimemwambia ulikuwa na malaria.

Baba yako

5/3

Jambo Baba,

Niko. Bega inaendelea je?

Nikivaa nguo, nakusikia ukikohoa kwa kiti nyuma ya pazia uliyoweka pahali pa mulango. Mama analala ameshika mukono yangu, nikigeuka, anashituka. Rugema aliniletea maji ya machungwa ya malaria, nikakunywa sababu yako.

Kule hospitali neno yako ya kwanza ilikuwa: "Umenitia haya." Tangu siku ile hujauliza kitu. Na ukiniuliza kwa nini, nikisema sijui, utakubali?

Naomba mulango.

Binti yako

6/3

Salamu. Hapana.

Baba yako

29/3

Uwera wangu,

Salamu. Bega imepona, usiulize tena.

Siku hizi zote sikuandika, nilikuwa nasikiliza pumzi yako. Jana mama yako aliniuliza ni nani amefungwa humu, we ao siye. Nikamukaripia. Kisha nikaona hata chooni naenda mbio, na karakana yangu ya mbao sijafika tangu Februari.

Ile neno ya haya ilikuwa woga. Volkano haikunitetemesha vile. Natafuta nilikukosea wapi. Siku ingine sipati, siku ingine napata mingi. Ukisema sijui, nitakubali.

Leo, mulipoenda na mama kwa yule munganga wa kuongea, nilirudisha mulango. Komeo sikuweka, hiyo usiombe. Nitapiga hodi, ujibu, hata kwa kukohoa. Ukikawia naingia. Kiti yangu iko palepale.

Rugema ndiye alishika mulango nikikaza bawaba. Nilimwambia haikuwa malaria. Mutu mumoja alilia, haikuwa mimi. Ukibisha, muulize yeye. Lakini hiyo ya kulia, usimuulize.

Baba yako