Chetezo cha Mama na Uvungu wa Nyumba

Al Amerat,
Maskati, Oman.
11 Aprili 1999

Mpendwa Dada Mastura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Kikwajuni, na lile goti lako limepoa. Shemeji Abdulrazak hajambo? Na wajukuu wako wale watundu? Sisi huku tu wazima wa kusema tu wazima. Mie nnakula, nnalala, lakini nnaandikia gotini, usiucheke mwandiko.

Kabla hujasikia ya watu: Saeed yu hai. Soma tena hapo. Mdogo wetu yu hai, yuko hospitali, ameungua uso na mikono. Anayeniogopesha sasa ni Mama. Amegoma kula. Anakunywa maji ya zamzam kidogo, kisha anageukia ukuta. Anasema kamuua mwanawe na hataki kuambiwa vingine. Simu haishiki. Ndiyo nnakuandikia wewe, maana mimi hanisikilizi, na nitakwambia kwa nini.

Unaikumbuka nyumba yetu, ulipokuja arusi ya mwanangu Jawaher. Mbele imekaa chini, nyuma imeinuka kwa ule mteremko wa jabali, na chini ya vyumba vya nyuma pana uvungu uliozungushiwa ukuta, na kimlango cha kuingilia kwa kutambaa. Mwaka huu maji ya mvua yaliingia humo, na bomba la choo nalo likawa linavuja bila sisi kujua. Udongo ukalowa, ukakataa kukauka. Ukungu ukapanda ukutani chumbani kwa Mama, nguo zake zikanuka kabatini, kifua kikamshika. Daktari alisema wazi, ama unyevu utoke ama mzee atoke. Na Mama umjuavyo, ukimwambia ahame chumba anakununia wiki nzima.

Basi Saeed akaapa kuuziba uvungu mwenyewe. Atandike nailoni nzito juu ya udongo, apake kuta lami, abandike chini ya sakafu yale mabamba ya sponji ngumu nyeupe, kama yanayokuja na televisheni ndani ya boksi. Mume wangu Bakhit akasema sawa, lakini litengenezwe bomba kwanza, udongo ukauke, na vitundu vya hewa visizibwe mpaka harufu ya lami iishe. Saeed hana subira. Akamjibu, "Wewe unangojea mama yangu afe upate chumba!"

Dada, sijaona watu wazima wakipigana vile. Bakhit huyu huyu, ambaye hata paka hamfukuzi, alimtia Saeed kofi, kisha ngumi, jino likatoka. Saeed akamvaa, akamgongesha kichwa kwenye kizingiti cha kile kimlango, akaokota mwiko wa saruji akamchana nao bega. Damu ikatapakaa juu ya nailoni mpya. Niliwamwagia ndoo ya maji, nikawatukana matusi ambayo marehemu Baba hakujua kama nnayajua. Mama alikuwa dirishani, anakohoa na kulia, "Niacheni nife na ukungu wangu!"

Tangu hapo Bakhit akamwachia Saeed kazi yake. Bomba lilitengenezwa, lakini vitundu Saeed aliviziba vyote kwa saruji, ndipo akaanza kupaka. Ilikuwa lami ile ya makopo, inayonuka petroli. Alijifunga kitambaa puani, akapaka mpaka macho yakawa mekundu. Alitoka anayumba na kucheka, akasema kazi imekwisha, kimlango kifungwe.

Mama akasema hakifungwi bila kufukizwa. Unajua kwetu, pahala papya hapafungwi mpaka kila pembe ipate ubani. Akatoa chetezo chake kile cha udongo alichokuja nacho kutoka Pemba, akatia makaa mekundu, akatia ubani, akasoma alichosoma, akampa Saeed aingie nacho kwa kuwa magoti yake yeye hayamruhusu. Lahaula! Hakuna aliyetanabahi. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa harufu ya ile lami tangu asubuhi, na bado nikaitikia amin.

Saeed alipoingia tu na yale makaa, mvuke wa lami ulilipuka, kimlango kikang'oka kikanipita ubavuni. Vigae vya chumbani kwa Mama viliruka. Moto ulitoka uvunguni na moshi mweusi, na ndani yake Saeed anapiga ukelele anamwita Mama. Bakhit alikuwa ndiyo anarudi kutoka msikitini, alasiri. Hakuuliza kitu. Alininyang'anya blanketi nililokuwa nikililowesha, akajitupa kifudifudi ndani, akamvuta Saeed kwa miguu huku lami inayowaka inamdondokea mgongoni. Alimzima moto kwa viganja vyake. Nywele za Saeed zilikuwa zimekwisha, na ngozi ya mikono ilitoka pamoja na shati.

Chetezo kilirushwa nje kikabingirika mpaka miguuni mwangu, kizima. Nikachukua jiwe. Nilikiponda mbele ya Mama, nikaviponda vipande, nikaponda na makaa, huku nnapiga kelele, "Umemuua! Ubani wako umemuua!" Nilitaka kitu cha kupiga, Dada, na nilichokiona ni hicho. Mama aliokota kipande kimoja, akaingia ndani, na mpaka leo hajasema nami neno. Nimemuomba radhi mpaka nimechoka. Mwandikie wewe, tafadhali, umwambie humlaumu.

Barua niliiacha hapo jana. Nnaimalizia leo.

Bakhit kila siku yuko hospitali, anamlisha Saeed kwa kijiko, na yeye mwenyewe mikono imefungwa bendeji. Asubuhi hii alirudi, akasimama mlangoni kwa Mama, akasema, "Mama, Saeed kanituma. Anasema uvungu haukufukizwa ukamalizika, na yeye harudi nyumba isiyofukizwa. Na hataki mkono mwingine ila wako."

Mama akageuka kutoka ukutani. Hakumtazama Bakhit, alinitazama mimi.

"Na chetezo changu kiko wapi, Nasriya?"

Nilikimbilia sokoni Matrah nikamnunulia kingine, cha rangi za dhahabu. Alikiangalia akakisukuma pembeni. Lakini uji aliutaka mwenyewe, akanywa nusu bakuli, akakirudisha kile kipande chini ya mto wake.

Basi nitafutie, Dada. Cha udongo, kutoka Pemba, kama kile. Umpe Marwan, mtoto wa jirani yako Bi Mahbuba, akija huku, akifunge kwenye kanga akipakate, asikitie ndani ya sanduku. Bakhit keshavivunja vile vitundu kwa nyundo, hewa inapita, na makopo ya lami yameondoka. Unyevu haupo tena. Moto umeukausha.

Msalimie sana Shemeji Abdulrazak, na Bi Mahbuba, na wajukuu wote mmoja mmoja. Mwenyezi Mungu akukinge wewe na walio chini ya dari yako, na atukutanishe sote tukiwa na uso wa kutazamana.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Nasriya

Mama kaniona nnaandika, akauliza nnamwandikia nani. Nimemwambia. Anasema hicho chetezo kiwe na mdomo mpana.