Mapazia ya Nyumba Namba Nne

Jumapili, 3 Novemba

Nguo za mama mkwe nimezianika tena bafuni. Hazikauki. Mvua kila siku. Uji nimeshakunywa vikombe viwili, cha tatu kinanisubiri na yeye amesimama juu yangu mpaka niumalize. Mtoto ana siku ya nne leo. Amelala.

Mama mkwe alikuja kutoka Isingiro kunisaidia uzazi. Leo amefikisha siku kumi na nne. Sheria ya nyumba hizi za wanafunzi wenye familia inasema ndugu asilale zaidi ya siku tatu. Iko kwenye karatasi tuliyopewa siku ya kuhamia, ukurasa wa kwanza, herufi kubwa, na chini yake adhabu: kuondolewa. Nilipofika hapo sikuendelea kusoma. Niliisukumiza kwenye droo.

Tukiondolewa hapa, shahada yangu ya uzamili basi. Mume wangu Jovin anafundisha Kaisho, chumba anachoishi wanalala walimu wawili. Mimi na kichanga tutakwenda wapi? Naogopa. Niandike tu hivyo.

Jumatatu, 4 Novemba

Mzee Kaijage, msimamizi wa nyumba, alipita kukagua mifereji. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Nikamsukuma mama mkwe bafuni. Mwanamke wa miaka sitini na saba, mwenye kibanja chake cha migomba na wajukuu tisa, anasimama katikati ya nguo mbichi amejiziba mdomo. Aibu yangu.

Alipotoka bafuni alikuwa anacheka. Akasema, "Mwanangu, hata nilipokuwa mtoto nikiiba senene za kukaanga za mama sikujificha hivi." Mimi sikucheka.

Kwao, na kwetu pia, mtoto haonyeshwi watu mpaka kitovu kidondoke. Basi mapazia yanamfaa kila mmoja. Yeye anaficha mtoto, mimi namficha yeye. Tunaishi kwa taa ya chumbani, ile ya mwanga wa njano hafifu. Hata mchana.

Jumanne, 5 Novemba

Mama Zuhura wa namba sita alibisha hodi. Ni nesi, mtu wa Tanga, ameacha kazi kwa muda kumfuata mumewe masomoni. Ana mdomo na ana macho. Yeye ndiye anayeongoza umoja wa familia za hapa, wale wanaoazimana mitungi ya gesi na kuleleana watoto wakati wa mitihani. Akiingia tu, ataona jozi ya pili ya kandambili.

Hodi mara tatu. Tulinyamaza wote, hata mtoto. Aliacha bakuli la supu mlangoni, limefunikwa sahani. Nimeinywa yote. Supu ya mtu niliyemfungia mlango.

Mtoto hanyonyi vizuri. Anavuta mara mbili, analala. Nikimtekenya nyayo anafumbua jicho moja, analala tena. Mama mkwe anasema ni mpole, amemrithi babu yake. Nataka kuamini.

Jumatano, 6 Novemba

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi. Nikavuta pazia kidogo nitafute nepi. Mwanga ukamfika mtoto.

Njano. Uso, kifua, mpaka mapajani. Pale jicho linapopaswa kuwa jeupe, njano.

Utafiti wangu ni wa mnyauko wa migomba. Nasimama barabarani Nyakasimbi, naona jani moja lililoanza kupata manjano katikati ya kibanja cha mtu, namwambia huo mgomba ung'oe leo. Nimelala na mwanangu kitanda kimoja, sikuona.

Mama mkwe alisema manjano yatatoka yenyewe. Watoto wake wawili walikuwa nayo. Kitovu bado, macho ya watu ni mabaya. Niliogopa kumbishia. Niliogopa pia kutoka na mtoto nikaulizwa nani yuko ndani. Nikakaa kitandani. Saa nzima. Saa nzima nawaza nyumba, na mtoto yuko mapajani pangu. Nikija kujisifu siku moja kuwa mimi mama mzuri, nirudi nisome hapa.

Kisha akalia. Sauti nyembamba, kali, si yake. Mgongo ukapinda kwa nyuma. Nikatoka pekupeku kwenye mvua mpaka namba sita.

Mama Zuhura hakuniuliza neno. Alikuja mbio, akamfunua mtoto, akambonyeza kifuani kwa kidole, akatazama rangi ya ngozi. Akampigia Baba Neema wa namba tisa alete gari. Mama mkwe alikuwa mlangoni, hadharani, na blanketi mkononi. Mama Zuhura akasema, "Shikamoo mama. Ingia nawe garini, mzazi hawezi peke yake."

Sasa ni jioni. Naandika nikiwa hospitali.

Alhamisi, 7 Novemba

Yuko chini ya taa za bluu. Uchi, na kitambaa machoni. Nesi ameandika kwenye kadi "Mtoto wa Kokushubira", maana jina hana bado.

Daktari amesema manjano yako juu sana. Yakipanda tena, atapelekwa hospitali kubwa kubadilishwa damu. Aliniuliza yalianza lini. Nikasema sijui. Akaandika.

Namkamulia maziwa kwenye kikombe, namnywesha kidogo kidogo. Mengine yanamwagika shingoni. Jovin yuko njiani kutoka Kaisho. Sijui nitamwambia nini. Mama mkwe ameshika rozari, uji wake umepoa kwenye benchi. Sina hasira naye. Hasira yote iko kwangu.

Usife. Nakuomba usife.

Ijumaa, 8 Novemba

Yameshuka. Kidogo. Walipopima tena jioni, yameshuka tena.

Amenyonya dakika kumi bila kusinzia. Jovin amelia kuliko mimi. Nilimweleza yote, pazia, bafu, ile saa nzima. Akaenda kumnunulia mama yake chai.

Daktari amesema maisha yake hayako hatarini tena. Masikio ndiyo hana hakika nayo. Manjano yakifika juu kiasi kile huweza kuharibu usikivu. Tumrudishe baada ya miezi mitatu apimwe kwa mashine. Miezi mitatu. Nilidhani leo nitalala.

Jumatatu, 11 Novemba

Tumerudi. Jovin amerudi Kaisho asubuhi. Mzee Kaijage alikuja mchana. Mama mkwe hakujificha, nami sikuwa na nguvu za kumwomba. Nilimwamkia msimamizi, nikaanza kujitetea, nikamsihi atuache walau mpaka mitihani ipite.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu mama nilimwona siku ile ile anashuka garini na mkungu wake wa ndizi. Nilikuwa nakungoja uje uchukue fomu."

Fomu ya msaidizi wa mzazi. Siku arobaini, na zinaongezwa. Iko ukurasa wa pili wa karatasi ile. Nimeitoa kwenye droo. Ukurasa huohuo una namba ya Mama Zuhura, una gari la dharura la namba tisa, na una mstari unaosema kila mama aliyejifungua atatembelewa na nesi wiki ya kwanza ili mtoto aangaliwe.

Ndiyo hodi ile ya Jumanne.

Nimeusoma ukurasa mara nyingi. Nimejaza fomu. Jina la mgeni, uhusiano, tarehe ya kufika. Tarehe nimeandika ya kweli.

Alhamisi, 14 Novemba

Jua kidogo. Kitovu kimedondoka asubuhi. Mama mkwe amekifunga kwenye kitambaa, atakizika kwenye kibanja chake akirudi Isingiro. Mlango uko wazi. Mama Zuhura amekuja kumpima mtoto uzito, ameongezeka. Sasa wanabishana jikoni kama ndizi zinahitaji nazi. Mama mkwe anasema huko ni kuzionea ndizi.

Tangu Ijumaa nimekuwa nikipiga makofi karibu na mtoto pakiwa hakuna mtu. Wakati mwingine anatikisika. Wakati mwingine hapana. Sijamwambia yeyote.

Katika kubishana, mfuniko wa sufuria ukamponyoka mama mkwe, ukagonga sakafu. Mtoto alikuwa mikononi mwangu. Alishtuka mwili mzima. Wote wawili wakatoka jikoni kumtazama. Nikasema labda ni mimi niliyeshtuka, akahisi mikono yangu. Nikasema hicho si kipimo.

 Mama mkwe aliniashiria nimlaze mtoto. Nikamlaza kitandani, nikaondoa mikono, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Akauokota mfuniko, akasimama mlangoni mahali ambapo mtoto hawezi kumwona, akauachia.

Mtoto akashtuka, akalia. Tukamwacha alie kidogo.