Makofi Nyuma ya Pazia

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno kisha nikainua kalamu, kama vile nasubiri uitikie. Hii ni Ramadhani ya kwanza bila wewe. Nakuandikia mchana, nimekaa mkekani uani, kwa sababu leo baada ya isha Idrisa anasimama tena mbele ya watu.

Ndiyo, Idrisa wako. Ulipofariki, kamati ya msikiti ilimpa mwanao nafasi yako ya uimamu kwa majaribio. Walisema wazi kwamba watamsikiliza kwenye tarawehe mwezi mzima, na baada ya Idi wataamua kama abaki au wamlete kijana mmoja wa Dar es Salaam aliyesomea ng'ambo. Akiondolewa Idrisa, na sisi tunaondoka, maana nyumba hii ni ya imamu. Hakuna aliyemwambia Mama ahame, lakini jana nilimkuta anafunga glasi za sharubati kwenye magazeti. Nikamuuliza, akasema anazipangusa vumbi.

Mtaa wetu wa Levolosi usingeutambua. Tangu mambo yawe ruksa maduka yamejaa, magodoro ya sponji yamepangwa nje mpaka barabarani, na godoro la sufi hakuna anayeliulizia. Sindano yako kubwa ya magodoro imeshika kutu. Mfanyabiashara mmoja ameununulia msikiti vipaza sauti, vimefungwa juu, vinaelekea pande zote. Wewe ulisoma kwa koo lako tu, na kosa likitokea lilibaki ndani ya kuta. Sasa Idrisa akikohoa, Mama Aikande anamsikia akiwa jikoni kwake. Huyu jirani yetu Mlutheri bado anakulilia, ila asubuhi alinisimamisha getini. "Pole mwaya," akasema. "Jana kijana alinyamaza katikati, nikajua umeme umekatika."

Umeme haukukatika, Baba.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Kila alasiri ya Ramadhani ulikaa hapa uani ukishona magodoro ya watu, mimi nachambua sufi, na unanisomea juzuu ya usiku ule yote. Ukikosea nakukatiza. Ukiwa na njaa ulikuwa mkali, unasema, "Mtoto huyu ananisimamia kama mnyapara wa shamba la kahawa!" Kisha unarudia aya. Wewe uliyetoka Kondoa kijana mikono mitupu kuja kuchuma kahawa huku chini ya Meru, ukasoma kwenye msiba wa mchumaji mwenzako, watu wakauliza sauti hii imetoka wapi, wakakushusha mjini. Ulipanda kwa miguu Akheri kwenye hitima za watu, ukashuka Kikwe kufundisha watoto, na mkate wako ukaupata kwenye magodoro. Sauti yako ilisifiwa na kila mtu. Mimi niliyekuwa nakusikiliza nilijua kwamba hukuwahi kuiamini, na ndiyo maana ulitaka sikio la pili.

Idrisa hana sikio la pili. Sauti anayo, pengine kukushinda, usikasirike. Lakini anajifunza kwa kaseti. Ana redio yake, anamfuatisha msomaji wa Kiarabu mpaka pumzi anavuta kama yeye. Kaseti inasoma vizuri sana, ila haisikii. Mara nyingi nimemwambia aje anisomee, ananijibu, "Dada, mimi si mtoto wa chuo cha Kurani."

Jana alikuwa kwenye kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni. Unajua ulivyokuwa ukiniambia juu ya kisa hicho, kwamba kimekuja katika sura zaidi ya moja na maneno yanakaribiana, kwa hiyo msomaji anaweza kuanza katika sura moja akamalizia katika nyingine bila kujua. Ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikia anatoka njiani. Nikasubiri mwanamume yeyote amsahihishe. Mzee Shabani aliyekuwa akisimama nyuma yako siku hizi miguu haimpeleki, na wale wengine wanajua sura fupi tu. Basi nyuma ya pazia la wanawake nikafanya lile analoruhusiwa mwanamke imamu akikosea: nikapiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto.

Alisita. Akarudi nyuma, akaanza tena, akapotea palepale. Nikapiga tena. Akanyamaza, Baba. Nilisikia vile vipaza sauti vinaunguruma peke yao, kisha akarukuu.

Kwako haikuwa hivi. Ramadhani yako ya mwisho, kichwa kilipoanza kuchoka, uliruka aya, nami nikakupigia. Ulirekebisha, na ulipotoa salamu ukawageukia watu ukasema, "Aliyepiga makofi Mungu ampe umri." Nilirudi nyumbani nikiogopa, wewe ukaniomba uji.

Leo asubuhi katibu wa kamati alikuja, hata kiti alikikataa. Akasema kuna mwanamke anamvuruga imamu, na kama imamu mwenyewe ndiye anayekosea, basi ikitokea tena leo hawatangoja Idi kumwondoa. Alipotoka, Idrisa akanifuata huku uani. Macho mekundu, hajalala. Akasema, "Dada, leo nikikosea nyamaza. Wale hawajui kitu. Usipopiga, hakuna atakayejua."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumkumbatia. Ni yuleyule niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa sokoni, Baba, na alichosema ni kweli: hawajui. Nikinyamaza tutabaki na paa letu, na maneno ya Mungu yatapita yamekatwa mbele ya msikiti mzima, mimi nimesimama pale nikiyasikia.

Nilimwambia, "Kaa hapa, nisomee." Nilidhani ataondoka. Akakaa. Alisoma juzuu ya leo mpaka adhana ya adhuhuri. Mahali pamoja alipotea, nikamkatiza, akarudia, akapotea tena, halafu akapita. Nikamwambia arudie kwa mara nyingine, akapita kwa shida. Kisha akainuka kwenda msikitini. Lile ombi lake hakulirudia, wala hakulifuta.

Sasa nakwenda kumsaidia Mama futari. Mola akulaze pema, Baba yangu, akuangazie huko uliko. Nakuahidi kwamba akikosea nitapiga. Nitapiga hata kama ataninunia maisha yake yote, hata kama kesho tutalala kwa watu. Lakini nakuombea wewe na namwombea yeye, na naogopa, naogopa sana. Dua yangu ya leo ni moja tu: mikono yangu ibaki kifuani mpaka atoe salamu.

Mwanao,
Salma