Sahani Moja na Wambura

Hii niliiandika miaka ile ya foleni, wakati sukari inauzwa kwa kunong'onezana. Naiweka hapa kama ilivyokuwa, sijaipaka rangi.

Jumatano, Mugango. Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nina hasira na kila mtu, nikiwemo mimi.

Shajara, leo nimemuuza kaka yangu kwa wali na nyama.

Wiki hii kanisa linatufundisha vijana wa kujitolea kazi ya upatanishi. Sisi wa ziwani tumechanganywa na wenzetu wa vijiji vya juu, upande wa Butiama, watu tuliokuwa tunafukuzana nao kwa mishale kwa sababu ya ng'ombe. Tunakutana katika shule iliyo katikati ya njia. Tukihitimu, eti tutaingia kwenye nyumba zenye uhasama na kuzipatanisha.

Mama ndiye aliyenisukuma nijiandikishe. Si kwa ajili ya amani. Alisikia kila mwanafunzi atapewa mche wa sabuni, na sisi tunafulia majani ya mpapai siku nyingi sasa.

Kaka yangu Masatu alitoka kufuata nyayo za ng'ombe wetu walioibwa, akarudishwa amebebwa juu ya kitanda, mshale ubavuni. Aliyempiga anajulikana. Alikimbia, lakini ndugu zake wapo.

Kwetu watu wenye damu kati yao hawali pamoja. Ni mpaka wazee wa pande zote mbili wakae, mbuzi achinjwe, na mama wa marehemu awe wa kwanza kumega. Asipomega yeye, hakuna wa kumega. Akimega, yamekwisha, hakuna wa kudai tena hata neno la pole. Mama yangu hana kitu kingine duniani ila huo mmego. Kila mbwa akibweka anachungulia njia, labda wazee wa juu wamekuja kumwomba.

Sasa huyu mwalimu wa semina. Ametoka Musoma mjini, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata, na hajui lolote la kwetu wala haulizi. Leo mchana, chakula kilipofika, akasema sahani moja watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa ziwani. Akawa anatupanga kwa kidole kama anayechagua kuku sokoni. Kidole kikanipa Wambura.

Wambura ni mdogo wake yule aliyempiga Masatu mshale.

Nilipaswa kusimama na kutoka. Wenzangu wa Mugango wote walinikazia macho wakingoja nisimame. Lakini ule ulikuwa wali, Shajara. Mweupe, hauna mawe, na juu yake nyama inayong'aa mafuta. Nyumbani tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, mpaka tumeusahau mchele ulivyo. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wahenga hawakuwa na mama yangu.

Wambura alinawa, akakaa, akasubiri. Hakugusa kitu mpaka aliponiona nimemeza. Kisha akanisogezea mnofu mkubwa kuliko yote na kusema taratibu, "Kula, dada yangu."

Sikumsamehe. Nilikuwa na njaa.

Mwalimu akapiga makofi. Akanipa mche wangu wa sabuni mbele ya watu wote, kabla ya wengine, na kutangaza kwamba kesho wanakuja wageni kutoka Musoma na Bunda, nami nitasimama niwaeleze nilivyosamehe. Nilipogeuka kumtazama Wambura, hayupo. Ameshapanda baiskeli, amekwenda kwao na habari kwamba nyumba ya marehemu imemega, hata chai hakusubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mjinga pale shuleni hakuwa mwalimu peke yake.

Habari ilinitangulia nyumbani. Nilimkuta mama amekaa mlangoni, macho makavu.

"Umekula naye?"

"Nimekula, mama."

"Mimi hapa siku zote nilikuwaga nasubiri nini? Sasa wale wazee watakuja huku kufanya nini tena? Wataniomba nini, wakati nyumba yangu imeshakula?"

Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kusema nisamehe mama, neno nililofundishwa siku tatu nzima jinsi ya kulitamka. Badala yake nikamnyooshea ile sabuni, nikamwambia, "Si uliitaka wewe?"

Hakuipokea. Bado iko pale kizingitini, wadogo zangu wanairuka wakipita.

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige, halafu tulale.

Jioni akasonga ugali, akapika furu, vile visamaki vya ziwani. Sisi tunakula sinia moja, na tangu Masatu afe mimi ndiye ninayekaa mahali pake, ubavuni kwa mama. Nikanawa, nikaja. Mama akainuka, akashusha kutoka juu ya kabati ile sahani yenye maua, ambayo hutolewa mchungaji akija, au wakwe. Akanipakulia ugali. Akaniwekea samaki wengi kuliko aliowabakiza kwenye sinia. Akaiweka juu ya kigoda kwa mikono miwili, mbali nao kidogo.

"Karibu chakula, mgeni," akasema.

Hakuwa anatania, na hakuwa na hasira sautini. Alisema kwa adabu ileile anayomkaribishia mchungaji. Kisha akarudi kwenye sinia, akanipa mgongo, akala na wanawe.

Nimekula peke yangu, nikamshukuru kama mgeni anavyoshukuru.

Kesho nitakwenda shuleni. Nitasimama mbele ya wageni niseme nimesamehe, na watapiga makofi, na mwalimu atafurahi mpaka pasi ya suruali ifunguke. Halafu chakula kitapakuliwa, na Wambura atanawa mikono na kunisubiri nianze.

Nitaanza. Sina mwingine wa kula naye.