Jicho Lako la Kushoto

Kwako mume wangu, Fundi,

Eda imekwisha. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwa wa kwanza kuuliza, wewe ambaye hukuweza kumaliza siku bila kuniambia, "Zai, geuka kidogo, mwanga umekuja." Mwanga umekuja na kuondoka hapa Ujiji miezi yote hii na hakuna aliyeniambia nigeuke. Nimekaa ndani na khanga zilizopauka, bila wanja, bila manukato, bila hata pete. Kioo cha kabati Wifi Hadija alikifunika kwa shuka siku ileile ya msiba. Dada yako unamjua, hafanyi jambo nusunusu.

Watu waliokuja kunipa pole walikuwa wananitupia macho ya wizi. Nilikuwa nawaona. Walitaka kujua yule mrembo wa kwenye makalenda anafananaje akiwa hajapakwa kitu. Wakadhani nateseka kwa kukosa wanja. Wanja wala sikuukumbuka, Fundi. Nilichokosa ni kutazamwa na wewe. Nina upweke, nauandika hivyohivyo bila kuupamba.

Unakumbuka picha yetu ya kwanza? Tulikuwa hata hatujachumbiana. Wewe ulikuwa mpiga picha wa harusi na pasipoti karibu na stesheni pale Kigoma, mimi nasuka nywele saluni ya jirani. Ukaja na maneno yako kwamba umechoka kupiga watu waliokaa wima kama wako mahakamani, unataka kupiga picha za urembo, zile za magazetini, lakini zipigwe ufukweni kwetu. "Njoo na gauni jeupe," ukasema, "na ujipake mafuta mabega yang'ae."

Sasa mimi mtoto wa Ujiji, mama yangu anauza mawese sokoni, nikiambiwa mafuta najua mafuta gani mengine? Nikajipaka mawese. Nilipofika ufukweni Kibirizi jua limeshashika, gauni lilikuwa rangi ya chungwa kuanzia kwapani mpaka kiunoni, na nzi wote wa pale wameshapata habari. Hukucheka mbele yangu. Ulijikaza, midomo inatetemeka, ukaenda nyuma ya mtumbwi kama mtu aliyesahau kitu, na huko nikakusikia unacheka mpaka unakohoa. Uliporudi ukasema kwa sauti ya kikazi kabisa, "Hii tutaitoa nyeusi na nyeupe." Na kweli haionyeshi doa hata moja. Ndiyo iliyoning'inia sebuleni mpaka leo, na tangu siku ile hukuniita jina nililopewa na wazazi wangu ila ukiwa umekasirika au ukiwa kazini. Nyumbani nilikuwa Bibi Mawese.

Siku hiyohiyo ndipo nilipojua pa kutazama. Niliiogopa lenzi. Kila nikiiangalia nakakamaa, macho yananitoka kama nimekabwa na mwiba wa samaki. Ukaishusha kamera ukaniambia, "Achana na hilo tundu. Nitazame mimi."

"Wewe mwenyewe umejificha, nikutazame wapi?"

"Niko hapa pembeni."

Ulikuwa hapo kweli. Wapiga picha wengi hufumba jicho moja wakifanya kazi. Wewe hukufumba. La kulia lilikuwa ndani ya kamera, na la kushoto lilibaki nje, limefunguka, linanitazama mimi. Ndilo nililolitazama miaka yote. Nikiwa na vitenge vipya juu ya mawe, nikiwa na vipodozi vya watu mkononi, nikiwa nimelowa mpaka kwenye nyusi kwa sababu umeniambia nisubiri wimbi, natafuta lile jicho kwanza, kisha mwili wenyewe unalegea. Mwenye duka la vitenge tuliyemfanyia matangazo akawa anawaambia wateja kwamba ile ni staili ya kisasa, mrembo hatazami lenzi moja kwa moja. Wasichana wa saluni wakaiga, wakajipiga picha wanatazama pembeni ya simu mpaka wanaonekana wana makengeza. Sisi wawili tulicheka ndani kwetu na hatukumwambia mtu siri yenyewe.

Halafu lile sinia. Hukuwa na taa wala vile vitambaa vinavyong'aa vya studio za wakubwa, basi ukalichukua sinia la pilau la marehemu mama yako, ukawa unampa yeyote aliyepita karibu alishike ili lirudishe jua usoni kwangu. Nakumbuka yule mama wa Kiha pale Kibirizi, alivyokuja mbio siku tuliyosimama karibu na dagaa wake walioanikwa. "Mwakeye!" akatuamkia, na salamu yenyewe ilikuwa ya ugomvi. "Hao dagaa mnawapiga picha au mnawakanyaga?" Ukamwamkia shikamoo kwa adabu zote, ukamkabidhi sinia. Mpaka tunamaliza kazi yeye ndiye alikuwa bosi wako. "Mwambie anyanyue kidevu," anakuamuru, "amekaa kama ana deni la mtu."

Wifi Hadija hakuwa mwepesi hivyo. Ilipotoka kalenda yenye picha ya mgongo, ile niliyokaa juu ya jiwe, kitenge kimeteremka mpaka kiunoni na uso nimeugeuza nyuma, aliingia kwetu bila hodi. Kalenda alikuwa ameikunja kwapani, ameing'oa mwenyewe kwenye ukuta wa saluni mchana kweupe.

"Sudi, nakuuliza kama dada yako. Huyu ni mke wa mtu au ni wa ukutani?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Nilijua ukisema tu "basi, tunaacha", ndiyo imekwisha. Wewe ukaitandaza kalenda juu ya meza, ukamwambia taratibu, "Dada, acha huo mgongo. Tazama macho. Anamtazama nani hapo?"

Akatazama. Akakutazama wewe. Akasonya, akaingia jikoni akanipita kama sipo, akatoka na sinia kichwani. "La mama yangu narudi nalo," akasema. "Hakulinunua likashikwe na wapita njia." Kuanzia hapo tukawa tunatumia kipande cha bati, na kila kikipinda ulikuwa unalililia sinia kama mtoto.

Ulianguka Kibirizi asubuhi, ukisubiri boti ya Mwamgongo uende kwenye harusi ya watu. Presha, walisema. Kamera ilirudi nyumbani na mchanga kwenye mkanda. Nimeifuta, nimeiweka juu ya kabati. Sijaiwasha.

Eda ilipoisha wakaja wanawake wa mtaa wakaniogesha, wakanifukiza udi, wakanivalisha kitenge kipya. Wanja alinipaka Wifi mwenyewe, ananiambia nitulie wakati asiyetulia ni yeye. Kisha akaivuta ile shuka kwenye kioo. "Haya, jione," akasema. Nikajiona. Sura ilikuwepo yote, hawakuniibia kitu. Ila macho yalikuwa yanahangaika huku na kule kama mgeni asiyeoneshwa kiti.

Haukupita muda mwenye duka akanitumia salamu. Kuna vitenge vipya kutoka Kongo, ananitaka mimi kwenye mabango, na atakayepiga ni Grace, yule dada wa mjini uliyekuwa unamsifu kwamba ana mkono mtulivu. Nikakataa. Usidhani nilikataa kwa ajili ya maneno ya watu, hayo nimeyazoea. Wala njaa siiogopi, kusuka sijasahau. Niliogopa kitu kimoja tu. Watu wote husema uzuri wa picha zangu uko machoni, nami nikawa najiuliza kama yale macho yalikuwa yangu au yalikuwa yako. Nikisimama pale bila wewe halafu pasitoke kitu, basi hata mimi mwenyewe niliyekuwa kwenye zile picha nimezikwa pamoja na wewe. Nikakaa na hilo swali mpaka likanichosha kuliko msiba wenyewe. Nikamwambia Grace twende.

Tulikwenda jana asubuhi. Natoka mlangoni namkuta Wifi amesimama barazani, kuna kitu kikubwa amekifunga kwenye khanga.

"Nasikia mnakwenda kupiga picha," akasema. "Nani anawashikia jua?"

Akafungua khanga. Sinia la mama yenu, limesuguliwa kwa majivu mpaka linaumiza macho. Sikujua nicheke au nilie, nikatangulia njia.

Ufukweni nikasimama kama ulivyonifundisha, uzito mguu mmoja, mabega chini. Grace akanyanyua kamera. Nikatafuta pale pembeni, nikakuta jicho limefumbwa. Akapiga, akapiga tena, akatazama kioo cha kamera, akakuna kichwa.

"Dada Zai, usinielewe vibaya. Macho yamelala."

Nikamweleza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwambia mtu siri yetu, unisamehe. Maskini akajaribu kuliacha wazi la kushoto, upepo wa ziwa ukalijaza maji, akawa anapepesa kama aliyeingiwa na pilipili. "Siwezi, dada. Nikilifungua hili naona vitu viwili viwili."

Nikajua ndiyo basi. Nikaanza kuvuta kitenge nijifunike mabega nirudi nyumbani. Wifi akasema nyuma ya sinia, hata uso simuoni, "Kwani lazima aonekane? Alikuwa anasimama wapi? Mwacheni amtazame mume wake."

Grace alisogea kidogo tu, pakabaki nafasi ya mtu mmoja kando yake. Nikapatazama. Palikuwa na maji, na ng'ambo kule milima ya Kongo, na wewe hukuwepo. Nilipatazama hivyohivyo. Sikulia, usijali, wanja haukumwagika.

Aliponionesha picha nilikaa chini mchangani na vitenge vya watu. Ni yaleyale, Fundi. Macho yaleyale ya nyeusi na nyeupe, ya mabango, ya mgongo. Miaka yote niliyaona kama macho ya mwanamke anayependwa, nikadhani wewe ndiye uliyekuwa unayawasha. Jana niliyaona vizuri. Ni macho ya mwanamke anayempenda mtu. Kumbe yalikuwa yangu tangu mwanzo. Ninayo, hukuondoka nayo. Pa kuyapeleka ndipo sina.

Wifi aliishika kamera muda mrefu. Nilimsubiri asonye, hakusonya. "Mnitolee na mimi moja," akasema. "Ya ukutani."

Sasa naandika nimekaa sebuleni. Sinia ameniachia, amesema litasaidia kazi, na mimi nimeliegemeza chini ya picha yetu ya kwanza. Jua la asubuhi likiingia mlangoni linagonga pale na kurudi mpaka kwenye kiti chako. Leo nimekaa kiti cha pembeni yake, chai inapoa. Mwanga ukaja. Nikageuka kidogo. Hakuna aliyeniambia.

Mungu akulaze pema, na huko uliko usifumbe hilo la kushoto.

Mkeo,
Bibi Mawese